Edwin Armstrong: Jamaa aliyenyamazisha mkwaruzo wa redio, akamalizwa na kesi

Hiyo sauti unaijua. Umeweka simu kando ya spika, ngoma inapiga fiti, mara spika inaanza kutetema: tt-tt-tt, tt-tt-tt, brrrr. Sekunde mbili baadaye simu inaita. Kuna wasee hutumia hiyo kujifanya waganga: wanakwambia utapigiwa, na kweli unapigiwa.

Hakuna uganga hapo. Kwenye mtandao wa 2G, simu nane hugawana masafa mamoja kwa zamu, na zamu ya kila simu hurudi kama mara 217 kwa sekunde. Simu yako ikiongea na mlingoti inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, mara 217 kila sekunde. Waya wa spika ulio karibu unageuka antena bila kutumwa na mtu. Ampli inaokota huko kuwaka na kuzima, inakutolea kama sauti, kwa sababu kitu kinachotetema mara 217 kwa sekunde sikio la binadamu linakisikia bila shida. Na kwa vile simu lazima iongee na mlingoti kabla ya kuita, spika inapata habari mbele yako.

Dawa yake ni kusogeza simu mbali na spika na nyaya zake. Kwa 4G mara nyingi huisikii, maana simu haiwaki na kuzima kwa mtindo huo.

Sasa shika neno moja: nguvu. Kinachoingia kwenye spika yako ni nguvu ya wimbi inayopanda na kushuka. Radi hufanya hivyohivyo. Plagi ya pikipiki ikirusha cheche, ni hivyohivyo. Karibu kila kelele inayoharibu redio hupitia mlango huo wa nguvu. Kuna jamaa mmoja aliyekaa na hilo tatizo miaka mingi, akapata njia ya kufunga mlango. Ukisikiliza redio ya FM kwenye mathree asubuhi, unakula jasho lake.

Anaitwa Edwin Howard Armstrong. Na maisha yake, bana, si hadithi tamu mpaka mwisho.

Kijana wa Yonkers

Armstrong alizaliwa New York tarehe 18 Desemba 1890. Babake alikuwa mtu wa kampuni ya vitabu, mamake aliwahi kuwa mwalimu. Akiwa mtoto aliugua vibaya, na ule ugonjwa ukamwachia alama: bega, shingo na mdomo vilikuwa vikishtuka vyenyewe, hasa akiwa na wasiwasi. Alisomeshwa nyumbani kama miaka miwili. Unaweza kufikiria mtoto wa aina hiyo shuleni. Alizoea kukaa peke yake na mashine.

Familia ilihamia Yonkers, mji ulio kando ya mto Hudson. Chumba cha juu kabisa, chini ya paa, kikawa karakana yake. Akiwa na umri wa miaka 14 alisoma habari za Marconi na kuamua kazi yake ni moja tu: uvumbuzi. Uani kwao akasimamisha mlingoti wa antena wa mita 38 hivi. Hiyo ni kama ghorofa ya kumi na kitu, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa akipanda. Kupanda juu alikupenda maisha yake yote.

Akaingia Chuo Kikuu cha Columbia kusomea uhandisi wa umeme, akawa anaenda darasani na pikipiki nyekundu.

Redio ya wakati huo ilikuwa shida tupu. Ulivaa visikizio masikioni na kutega kwa makini, na bado sauti ilikuwa hafifu kama mbu aliye chumba cha pili. Kulikuwa na kifaa kipya kiitwacho audioni, valvu ya kioo iliyobuniwa na Lee de Forest mwaka wa 1906. De Forest alikuwa ameiunda, lakini jinsi inavyofanya kazi ndani haikuwa imeeleweka vizuri. Armstrong aliipima polepole mpaka akaielewa.

Kisha mwaka wa 1912, akiwa bado mwanafunzi, akajaribu kitu. Alichukua mawimbi yanayotoka kwenye valvu akayarudisha tena mwanzoni, yazunguke na kukuzwa upya, maelfu ya mara kwa sekunde.

Umewahi kuwa harusini MC akasogea na maiki karibu na spika, ukasikia ule mlio wa kupasua masikio? Ni jambo lilelile. Sauti inatoka kwa spika, inaingia kwa maiki, inatoka tena ikiwa kubwa zaidi. Harusini ni kero. Armstrong aliidhibiti, akaifanyisha kazi. Ghafla zile sauti za mbali zilizokuwa hafifu zikasikika kwa nguvu chumbani bila kuvaa visikizio. Usiku huo alimwamsha dada yake kwa furaha.

Kumbe pia aligundua kwamba ukizidisha huo mzunguko, valvu inaanza kutoa mawimbi yake yenyewe. Yaani kifaa kimoja kinaweza kupokea na pia kurusha.

Muhuri wa 31 Januari

Hapa sikiliza wewe unayebuni vitu vyako pale mtaani. Kupata hataza, ile hati ya kumiliki uvumbuzi, kulihitaji pesa. Babake alikataa kutoa, akitaka kijana amalize masomo kwanza. Armstrong akauza ile pikipiki nyekundu. Bado pesa hazikutosha. Kwa hivyo tarehe 31 Januari 1913 akafanya alichoweza: akapeleka mchoro wake ukapigwa muhuri wa kisheria wenye tarehe. Hataza yenyewe aliipata mwaka wa 1914.

Lakini De Forest naye akadai kwamba ni yeye aliyetangulia. Kesi ikaanza. Haikuwa kesi ya mwaka mmoja wala miwili. Ilikokotwa karibu miaka 20, ikapanda mahakama moja baada ya nyingine, na mwaka wa 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa De Forest ushindi wa mwisho.

Wahandisi wengi walishangaa. Waliona majaji wameamua jambo la kiufundi bila kulielewa. Chama cha wahandisi wa redio kilikuwa kimemtunuku Armstrong nishani kwa uvumbuzi huohuo, na baada ya kushindwa kortini akaenda kuirudisha mbele ya wenzake. Walikataa kuipokea, wakasimama na kumpigia makofi.

Kwa hivyo heshima ya wenzake ilibaki, lakini sheria ilikuwa na jina lingine. Jambo hilo halikumtoka.

Cheche za ndege

Turudi nyuma kidogo. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Armstrong akiwa afisa wa mawasiliano wa jeshi la Marekani, akapelekwa Paris. Usiku mmoja ndege za Wajerumani zilikuwa zikishambulia mji, na mizinga ilikuwa inafyatua gizani kwa kubahatisha. Armstrong akawaza: injini za hizo ndege zina plagi, plagi zinatoa cheche, na kila cheche ni kelele ya redio. Mtu akiweza kuikamata hiyo kelele, atajua ndege iko wapi.

Tatizo ni kwamba mawimbi ya namna hiyo hutikisika kwa kasi kubwa mno, na valvu za wakati huo hazikuweza kuyakuza. Akafikiria kuyachanganya na mawimbi mengine yanayotengenezwa ndani ya redio, ili yatoe masafa ya chini ambayo ni rahisi kukuza. Ilikuwa 1918. Mfaransa Lucien Lévy naye alikuwa amefikia wazo kama hilo, na hilo pia lilileta mvutano wa hataza. Vita viliisha kabla ya mtambo huo kuwinda ndege yoyote, lakini mbinu yenyewe, iitwayo supahetarodaini, ikaingia kwenye karibu kila redio na runinga iliyotengenezwa baadaye.

Ona lakini alivyokuwa anafikiri. Wengine waliona kelele wakaziba masikio. Yeye aliuliza kelele inatoka wapi na inaweza kumwambia nini.

Miaka ya 1920 ilikuwa mizuri kwake. Kampuni kubwa ya redio, RCA, ilinunua uvumbuzi wake mmoja kwa dola 200,000 na hisa 60,000. Akawa mtu binafsi mwenye hisa nyingi zaidi katika kampuni hiyo. Mkubwa pale alikuwa David Sarnoff, mhamiaji kutoka Urusi aliyeanza maisha kwa kuuza magazeti mitaani. Walikuwa marafiki, wa kutembeleana nyumbani.

Na ofisini kwa Sarnoff kulikuwa na karani anaitwa Marion MacInnis. Mwaka wa 1923 Armstrong alipanda mnara wa RCA uliokuwa juu ya jengo la ghorofa 20 katikati ya New York, akaning'inia huko juu akipigwa picha. Sarnoff alikasirika. Marion hakutishika, maana mwisho wa mwaka huohuo walifunga ndoa. Zawadi ya arusi aliyompa ilikuwa redio ya kubeba aliyoiunda mwenyewe, mojawapo ya za kwanza duniani. Ilikuwa kubwa kama sanduku la safari, lakini mwaka huo nani mwingine alikuwa na redio ya kwenda nayo pwani?

Tochi ya rangi

Kitu ambacho Sarnoff alikitamani kuliko vyote ni kifaa cha kuondoa mkwaruzo. Redio zote zilikuwa AM. Kama mzee wako ana redio ya zamani, iwashe kwa AM siku ya mvua ya radi. Kila radi inapopiga, redio inakwaruza. Washa swichi ya taa, tena krr.

Sababu ni ile ya nguvu. Kwa AM, sauti ya mtangazaji imebebwa na nguvu ya wimbi: inapanda na kushuka kufuata sauti yake. Radi nayo inaongeza nguvu yake palepale. Redio haiwezi kujua ni ipi ya mtangazaji na ni ipi ya radi.

Chukua mfano wa tochi. Uko ng'ambo ya bonde na unataka kumpa rafiki yako ishara usiku. Ukitumia kuongeza na kupunguza mwanga, moshi ukipita katikati utamchanganya. Lakini tuseme mwanga unabaki uleule na unachobadilisha ni rangi: nyekundu, kijani, nyekundu. Moshi utafifisha mwanga, lakini hauwezi kugeuza nyekundu iwe kijani. Rafiki yako ataupata ujumbe.

FM ndiyo tochi ya rangi. Nguvu ya wimbi inakaa palepale, kinachobadilika ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Redio inapopokea, kwanza inakata kila kilichozidi kwenye nguvu, inakitupa, halafu inasoma mitikisiko pekee. Kelele imeingia kupitia mlango uliofungwa.

Wazo la kubadilisha mitikisiko halikuwa jipya. Wengine walikuwa wameshalijaribu, na mwaka wa 1922 mtaalamu wa hesabu John Carson aliandika kuonyesha kwamba halina faida yoyote. Hesabu zake zilikuwa za wimbi lenye nafasi nyembamba. Armstrong akafanya kinyume: akalipa wimbi nafasi pana sana, mara nyingi zaidi ya ile ya AM. Hapo ndipo mkwaruzo ulipokufa. Tarehe 26 Desemba 1933 alipewa hataza zake za FM.

Novemba 1935 aliwaonyesha wahandisi wenzake jijini New York. Matangazo yalikuwa yanarushwa kutoka nyumbani kwa rafiki yake kule Yonkers. Kati ya stesheni na stesheni walizoea kusikia mkwaruzo, lakini siku hiyo kulikuwa kimya mpaka wengine wakadhani redio imezimwa. Kisha wakasikia maji yakimiminwa kwenye glasi, na karatasi ikikunjwa. Hawakuwahi kusikia maji kwenye redio na yakasikika kama maji.

Rafiki akageuka

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Sarnoff alitaka kijisanduku cha kuongeza kwenye redio za AM zilizokuwepo. Armstrong alimletea mfumo mpya kabisa, uliohitaji mitambo mipya na redio mpya, wakati RCA ilikuwa inatengeneza pesa nyingi kwa AM na macho yake yako kwa runinga. Armstrong alikuwa akifanya majaribio yake juu ya jengo la Empire State. Mwaka wa 1935 RCA ikamwambia aondoe vitu vyake, nafasi inahitajika kwa mitambo ya runinga.

Hakulia. Alitumia pesa zake mwenyewe kujenga mnara kule Alpine, New Jersey, wenye urefu wa zaidi ya mita 120, akaanza kurusha FM. Kampuni nyingine zikaingia na kumlipa ada. Mwaka wa 1940 RCA ikampa ofa ya dola milioni 1, ilipe mara moja na iachane na ada. Alikataa, kwa sababu isingekuwa haki kwa hao wengine waliokuwa wakilipa kila mwaka.

Vita vya Pili vilipofika, aliruhusu jeshi la Marekani litumie hataza zake bure.

Halafu 1945 likaja pigo. Tume ya mawasiliano ya Marekani ilihamisha FM kutoka masafa ya zamani ya karibu 42 hadi 50, ikaipeleka juu. Zile namba 88 hadi 108 unazoziona kwenye redio yako? Ndiko ilikohamishiwa. Leo hatuoni shida, lakini wakati huo redio zote za FM ambazo watu walikuwa wamenunua, mamia ya maelfu, ziligeuka vyuma vya bure. Stesheni zilibidi kuanza upya.

Na runinga za RCA je? Sauti yake ilikuwa inakuja kwa FM. Armstrong hakulipwa hata senti.

Mwaka wa 1948 akaishtaki RCA. Mawakili wa kampuni walimhoji mwaka mzima. Kampuni ina mawakili wa mshahara, inaweza kungoja. Mtu mmoja hana muda huo, hasa hataza zake zikiwa zinaisha muda na pesa zikimwishia. Kila siku aliamkia makaratasi ya kesi na kulala nayo.

Marion alimwomba aikubali hasara, wakapumzike. Novemba 1953 wakagombana vibaya, Marion akaenda kukaa kwa dada yake. Usiku wa 31 Januari 1954, akiwa peke yake nyumbani, Armstrong alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 63. Ilikuwa miaka 41 kamili tangu siku ile ya muhuri.

Ngoja hapo kidogo. Usiisome hii kama hadithi ya shujaa aliyekufa kwa msimamo. Jamaa alikuwa na haki, na alikuwa na mke aliyempenda, na marafiki waliowahi kusimama kumpigia makofi. Kesi ilimziba macho asiwaone. Kama nawe kuna kitu kinakubana hivyo, iwe ni deni, kesi au kazi uliyodhulumiwa, mwambie mtu leo. Usikae nacho peke yako usiku.

Marion

Watu wengi huikatiza hadithi hapo, wakamsahau Marion. Desemba 1954 alikubali RCA imlipe zaidi kidogo ya dola milioni 1, karibu kiasi kilekile mumewe alichokataa mwaka wa 1940. Kisha akazifuata kampuni nyingine zilizokuwa zimetumia FM bila kulipa, moja baada ya moja, akishinda. Ya mwisho ilikuwa Motorola, mwaka wa 1967. Miaka 13 ya kazi, bila kelele. Kortini na kwenye vitabu, FM ikabaki na jina la Edwin Howard Armstrong.

Sasa angalia ulichonacho. Simu ya kabambe yenye redio inakulazimisha uchomeke earphone ndipo FM ishike, kwa sababu huo waya ndio antena yake. Redio ya mkononi ya askari wa geti mara nyingi ni FM. Bluetooth ya spika yako, kwa mtindo wake wa msingi, hubeba data kwa kubadilisha mitikisiko na si nguvu. Hata ile 2G iliyokusumbua mwanzoni hubeba sauti yako kwa njia ya ukoo huohuo. Kinachopiga tt-tt-tt si ujumbe, ni kule kuwaka na kuzima kwa zamu.

Utaniuliza, kama FM inaua kelele, mbona redio ya mathree bado inapiga tt-tt-tt simu ya dere ikiingia? Kwa sababu hiyo kelele haikupitia hewani. Imerukia ndani, kwenye nyaya na ampli, baada ya redio kumaliza kazi yake. Armstrong alifunga mlango wa mbele. Huu wa nyuma utaufunga mwenyewe: mwambie dere atoe simu kwenye dashibodi.

Na ule mnara wa Alpine bado umesimama. Minara pacha ya New York ilipoanguka Septemba 2001, ikaenda na mitambo ya runinga iliyokuwa juu yake, stesheni kadhaa za jiji zilienda kurushia matangazo kutoka kwa mnara huo kwa muda.